Jaribio Hatari Lisubiri Kuombwa: Mwongozo wa Kupima Draiva za Kerneli Bila Kuua Kifaa

Draiva ni sehemu ya kerneli inayozungumza na kifaa: kadi ya mtandao, chipu ya fleshi, kihisi cha joto, skrini. Wakati wa kuitengeneza, mtengenezaji huweka ndani yake, au kwenye moduli ya pembeni, jaribio la kujipima, yaani kipande cha programu kinachokifanyisha kifaa kazi ili kuona kama draiva inafanya inavyotakiwa. Majaribio mengi hayana madhara. Machache hufuta, huandika, hukata umeme wa chipu au huipasha moto, na athari zake hubaki hata mashine ikizimwa na kuwashwa upya.

Mwongozo huu unahusu hayo machache. Kanuni yake ni moja: jaribio hatari halijiendeshi. Linasubiri mtu aliombe, ataje kifaa kinachopimwa, na akubali wazi kwamba data itafutwa. Mifano yote ni ya Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi na ndiyo kerneli inayopatikana kirahisi kwa anayejifunza.

Kwa nini lisubiri

Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa na kufunguliwa tena. Kerneli ikikosea, mashine nzima huganda, lakini huwashwa upya na kazi ikaendelea. Kosa linalofika kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kifaa ni la aina nyingine kabisa. Historia ya Linux ina visa vitatu vya kutosha kuonya.

*ThinkPad na chipu ya 24RF08.* Mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu za kusaka vihisi za mradi wa lm_sensors ziliharibu yaliyomo kwenye chipu ya EEPROM ya baadhi ya laptopu za IBM ThinkPad, na mashine zikagoma kuwaka. Programu hizo hazikukusudia kuandika chochote. Zilikuwa zikiita kila anwani kwenye waya za SMBus kuona nani anaitika, na chipu ile ikachukua mwito huo kama mwanzo wa kuandika. Draiva ya i2c-piix4 iliwekewa ukaguzi: ikikuta mashine ni ya IBM, inakataa kupakiwa.

*Kadi za e1000e.* Septemba 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalianza kuharibu kumbukumbu ya kudumu ya kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Lawama zilianzia kwa draiva. Chanzo kikaja kuonekana kwingine: ftrace, chombo cha kufuatilia mwendo wa kerneli, kilikuwa kikiandika mahali ambapo msimbo ulishaondolewa na nafasi yake kupewa kadi ya mtandao. Toleo la 2.6.27.1 lilitoka sehemu hiyo ya ftrace ikiwa imezimwa. Chombo cha uchunguzi ndicho kilichoua kifaa, tena kwa watu ambao hawakuwa wakichunguza chochote.

*Ubuntu 17.10.* Desemba 2017, Ubuntu ilisitisha kwa muda upakuaji wa toleo la 17.10 baada ya BIOS za laptopu kadhaa, nyingi zikiwa za Lenovo, kuacha kuhifadhi mpangilio. Draiva ya intel-spi, inayogusa chipu ya fleshi inayohifadhi BIOS, ilikuwa imewashwa kwenye kerneli ya kila mtumiaji, ingawa karibu hakuna aliyeihitaji. Marekebisho yalikuwa kuizima.

Visa hivi vina uzito wa pekee Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, kijana wa elektroniki aliyepitia VETA Chang'ombe, au fundi wa Tandika anayejifunza kuandika draiva, mara nyingi ana mashine moja tu, nayo ni mtumba wa Kariakoo: ThinkPad, Latitude au EliteBook. Mashine hiyo ndiyo ya kuandikia, ya kujengea kerneli na ya kupimia. Bodi iliyoagizwa nje ikiungua, nyingine husubiriwa kwa wiki kadhaa. Umeme nao hukatika bila taarifa, na betri ya mtumba haikai. Jaribio linalojiendesha lenyewe kwenye mazingira hayo linaweza kukutwa na giza katikati ya kufuta fleshi.

Kwanza lipange jaribio kwenye ngazi yake

Kabla ya kuweka kinga yoyote, kila jaribio lipewe ngazi. Ngazi ndiyo inayoamua kinga ngapi zinahitajika.

1. *Halikigusi kifaa.* Linapima hesabu, mpangilio wa data, tafsiri ya namba. Mahali pake ni KUnit, mfumo ulioingia kwenye Linux 5.5 mwanzoni mwa 2020. Hili liachwe lijiendeshe kila mara.
2. *Linasoma tu.* Liruhusiwe pale ambapo kitabu cha chipu kinasema kusoma ni salama. Kisa cha ThinkPad kinaonyesha kwamba kuita anwani isiyojulikana si kusoma. Vilevile ziko rejista zinazojifuta zikisomwa, hivyo jaribio linaweza kuiibia draiva taarifa yake.
3. *Linabadili hali ya muda.* Linawasha chipu upya, linakata mtandao, linarudisha mawimbi kwenye kadi ileile. Kuzima na kuwasha hurejesha hali. Amri ya `ethtool -t` ina aina mbili kwa sababu hiyo: `online` haikatizi kazi, `offline` inaweza kuikatiza.
4. *Linaacha alama.* Linafuta au kuandika fleshi na EEPROM, linabadili volti, linasukuma mota au rilei, linapasha moto, linarusha mawimbi ya redio. Hapa kuzima na kuwasha hakusaidii. Kwa redio kuna sheria pia: masafa nchini yanasimamiwa na TCRA, na jaribio la kurusha lisiachwe lianze lenyewe kila moduli inapopakiwa.

Ngazi ya tatu inahitaji angalau kinga moja. Ngazi ya nne inahitaji tatu: wakati wa kujenga kerneli, wakati wa kupakia moduli, na wakati wa kutaja kifaa chenyewe. Jaribio lenye mashaka lihesabiwe kuwa la ngazi ya juu zaidi.

> KISANDUKU: Kerneli yenyewe inavyofanya
>
> *i915* (michoro ya Intel): majaribio hayajengwi mpaka CONFIG_DRM_I915_SELFTEST iwashwe, na hata yakijengwa hayaanzi mpaka parameta kama `i915.live_selftests=1` itolewe.
>
> *Majaribio ya MTD* (fleshi): hujengwa kama moduli tu, na hukataa kuanza mpaka parameta `dev=` itaje kifaa. Maelezo yake yanaonya kwamba baadhi yatafuta kifaa kizima.
>
> *mmc_test* (kadi za memori): mtumiaji huitoa kadi kwa mkono kutoka draiva yake ya kawaida, huikabidhi kwa mmc_test, kisha huandika namba ya jaribio kwenye faili lililo debugfs.
>
> *memtest* (RAM): ipo, lakini thamani yake ya kuanzia ni 0, yaani imezimwa mpaka itajwe wakati wa kuwasha mashine.

Hatua za kuweka kinga

Mfano unaotumika hapa chini ni bodi ya kubuni ya kuhesabu maji kwenye kisima cha mtaani, kama visima vinavyouza maji Mbagala. Bodi ina chipu ya fleshi inayotunza hesabu za mauzo, na draiva yake imepewa jina la `kisima`. Jaribio lake hufuta eneo la fleshi, huandika na kusoma upya. Likifuta eneo lisilo lake, hesabu za mauzo zimekwenda.

Hatua ya 1. Tenga jaribio na draiva. Msimbo wa jaribio uwe kwenye faili lake, uzae moduli yake. Draiva ya kawaida isiwe na mstari hata mmoja unaofuta kitu kwa ajili ya kujipima.

```
obj-$(CONFIG_MTD_KISIMA)     += kisima.o
obj-$(CONFIG_KISIMA_JARIBIO) += kisima_jaribio.o
```

Moduli ya jaribio isiwekewe MODULE_DEVICE_TABLE. Jedwali hilo ndilo linalofanya mfumo upakie moduli wenyewe kifaa kinapochomekwa. Jaribio likiwa nalo, mtu yeyote anayechomeka bodi ameshaliita bila kujua.

Hatua ya 2. Weka kinga ya kujenga. Chaguo liwe peke yake kwenye Kconfig, faili linaloorodhesha chaguo za kujenga kerneli, na jina lake liseme hatari waziwazi.

```
config KISIMA_JARIBIO
	tristate "Jaribio la kufuta fleshi ya Kisima (HATARI)"
	depends on MTD_KISIMA && m
	help
	  Jaribio hili HUFUTA data yote ya eneo litakalotajwa.
	  Ni kwa watengenezaji wa draiva tu.
	  Kama huna hakika, jibu N.
```

Sehemu ya `&& m` inalazimisha jaribio liwe moduli, hivyo haliwezi kuingizwa ndani ya kerneli na kuanza mashine inapowaka. Mstari wa `default` hauhitajiki, kwa kuwa chaguo lisilo na `default` huanza likiwa limezimwa. Maelezo ya Kiswahili yanafaa kwa mradi wa ndani. Msimbo unaokusudiwa kupelekwa kwenye Linux yenyewe utaandikiwa maelezo ya Kiingereza.

Hatua ya 3. Weka kinga ya kupakia. Kinga ya kujenga peke yake haitoshi, kwa sababu wapo wanaowasha kila chaguo kama moduli kwa amri ya `make allmodconfig` kabla ya kujenga. Moduli ikishapatikana kwenye diski, siku moja itapakiwa. Kwa hiyo ikipakiwa bila ombi, irudishe kosa na isifanye lolote.

```
static char *sehemu;
module_param(sehemu, charp, 0444);

static bool futa;
module_param(futa, bool, 0444);

static unsigned int mizunguko = 10;
module_param(mizunguko, uint, 0444);

static int __init jaribio_anza(void)
{
	struct mtd_info *mtd;

	if (!sehemu || !futa) {
		pr_err("halikuombwa: taja sehemu=<jina> na futa=1\n");
		return -EINVAL;
	}
	if (!mizunguko || mizunguko > 1000)
		return -ERANGE;

	mtd = get_mtd_device_nm(sehemu);
	if (IS_ERR(mtd))
		return PTR_ERR(mtd);

	if (!(mtd->flags & MTD_WRITEABLE)) {
		put_mtd_device(mtd);
		return -EROFS;
	}
	/* jaribio lenyewe linaanzia hapa */
```

Ruhusa ya 0444 inafanya parameta zisomeke lakini zisibadilike moduli ikiwa tayari inafanya kazi.

Hatua ya 4. Omba jina la eneo, si namba. Msimbo uliotangulia unatafuta eneo kwa jina, kupitia `get_mtd_device_nm`. Namba za MTD hutolewa kwa mpangilio wa kugundulika: eneo lililokuwa mtd2 jana linaweza kuwa mtd3 leo, baada ya eneo jipya kuongezwa mbele yake au chipu ya pili kuchomekwa. Amri iliyonakiliwa kutoka kwenye maandishi ya wiki iliyopita itafuta eneo la jirani. Jina halihami hivyo. Njia nzuri zaidi ni kutenga eneo dogo la fleshi kwa ajili ya majaribio na kulipa jina la wazi, mfano `jaribio`.

Hatua ya 5. Weka kikomo cha mizunguko. Fleshi huchakaa kwa kufutwa. Chipu ya NOR ya kawaida kama W25Q128 imehakikishiwa mizunguko 100,000 ya kufuta na kuandika kwa kila sekta. Mzunguko mmoja wa sekta ya kilobaiti 4 ukichukua sekunde 0.1, mizunguko 100,000 huisha kwa sekunde 10,000, yaani chini ya saa tatu. Jaribio lililoachwa likizunguka bila kikomo wakati mtu amekwenda kula mchana linaweza kumaliza maisha ya sekta hiyo kabla ya alasiri. Kikomo kiwe ndani ya msimbo, na thamani ya kuanzia iwe ndogo.

Hatua ya 6. Ruhusu jaribio lisimamishwe. Ndani ya kila mzunguko jaribio liite `cond_resched()`, kisha likague `signal_pending(current)`. Hivyo Ctrl+C ya aliyelipakia italisimamisha. Likisimama, lisimame baada ya mzunguko kukamilika, si katikati ya kufuta.

Hatua ya 7. Acha alama kwenye kumbukumbu za mfumo. Jaribio liandike kwenye dmesg lilipoanza, eneo lililoguswa na lilipoishia. Kerneli za tangu 2022 zina pia alama ya TAINT_TEST, yenye herufi N, inayowekwa kwa amri hii:

```
add_taint(TAINT_TEST, LOCKDEP_STILL_OK);
```

Mwingine akija na ripoti ya hitilafu kutoka mashine hiyo, alama itaonyesha kwamba kerneli hiyo ilishaendesha majaribio.

Hatua ya 8. Liweke nje ya majaribio ya jumla. Majaribio ya KUnit yasiyohitaji kifaa huwekewa `default KUNIT_ALL_TESTS`, ili anayetaka kuyaendesha yote ayapate kwa chaguo moja. Jaribio la ngazi ya nne lisiwekewe mstari huo kamwe. Anayesema "yote" anamaanisha yote yaliyo salama. Hali ni hiyohiyo kwa hati zinazojenga na kupima msimbo kila unapobadilishwa: zijenge moduli ya jaribio ili kuona kama inakubali kujengwa, lakini zisiipakie.

Kupima kinga kabla ya kupima kifaa

Kinga ambayo haijapimwa haina tofauti na maelezo ya kwenye karatasi. Mazoezi haya yafanyike kwanza ndani ya QEMU, programu ya kuigiza mashine, au kwenye fleshi ya bandia inayotengenezwa ndani ya RAM na moduli za `mtdram` na `nandsim`. Hapo kosa halina gharama.

1. Jenga kerneli kwa mpangilio wa kawaida wa mradi, kisha angalia kwamba jaribio halimo:

```
grep KISIMA_JARIBIO .config
```

Jibu linalotakiwa ni mstari unaosema chaguo halijawekwa.

2. Washa chaguo, jenga, kisha pakia moduli bila parameta yoyote:

```
modprobe kisima_jaribio
```

Amri lazima ishindwe, na dmesg ionyeshe "halikuombwa".

3. Pakia ukiwa na `sehemu=jaribio` pekee, kisha ukiwa na `futa=1` pekee. Zote mbili zishindwe.

4. Pakia ukiwa na jina la eneo lisilokuwepo. Ishindwe bila kugusa eneo lingine.

5. Pakia ukiwa na parameta zote, ukilenga fleshi ya bandia. Hapa tu ndipo ifanikiwe.

Katika zoezi la 2 mpaka la 4, amri hata moja ikipita bila kushindwa, bodi halisi isiguswe mpaka msimbo urekebishwe.

> KISANDUKU: Kwa mwenye mashine moja na bando dogo
>
> Historia nzima ya msimbo wa Linux ni giga kadhaa. Amri ya `git clone --depth 1` hushusha toleo la mwisho tu na kuokoa sehemu kubwa ya bando. QEMU ikishawekwa haihitaji intaneti, hivyo mazoezi yote ya kinga hufanyika ndani ya laptopu ileile bila kugusa chipu yake hata moja. Kisicholetwa na QEMU ni tabia halisi ya kifaa: muda wa kufuta, kelele za waya, volti kushuka. Hayo husubiri bodi.

Siku ya kupima bodi halisi

1. *Hakikisha umeme.* Angalia yuniti zilizobaki kwenye LUKU kabla ya kuanza. Bodi na mashine vipitie UPS. Kwa laptopu, chomoa chaja dakika tano uone kama betri inashika.
2. *Tenganisha mashine.* Panapowezekana, mashine ya kuandikia isiwe ya kupimia. Bodi ndogo inayosomwa kwa waya wa USB wa seriali (TTL) inatosha, na maandishi yake ya mwisho yatabaki kwenye mashine ya pili hata bodi ikiganda.
3. *Soma majina ya maeneo.* `cat /proc/mtd` huonyesha kila eneo, ukubwa na jina lake. Linganisha na mchoro wa bodi.
4. *Hakikisha eneo halitumiki.* Angalia `/proc/mounts`. Eneo lililofunguliwa na mfumo wa faili lisipimwe.
5. *Chukua nakala ya fleshi nzima.* Kila eneo lina mlango wake wa kusoma tu, wenye `ro` mwishoni:

```
dd if=/dev/mtd0ro of=mtd0.bin
sha256sum mtd0.bin
```

Rudia kwa kila eneo, na utunze nakala nje ya bodi. Kwa fleshi ya NAND tumia `nanddump`, kwa sababu `dd` haijui kushughulikia bloku mbovu. Kwa kadi ya mtandao, `ethtool -e` huonyesha yaliyomo kwenye EEPROM yake.

6. *Endesha mizunguko michache kwanza.*

```
modprobe kisima_jaribio sehemu=jaribio futa=1 mizunguko=3
dmesg | tail
```

7. *Ondoa moduli* kwa `rmmod kisima_jaribio`, kisha soma upya maeneo mengine na ulinganishe alama za sha256 na zile za mwanzo. Eneo lisilo la jaribio likibadilika, acha hapo. Ukaguzi huu ni kwa maeneo ambayo hakuna programu inayoandika wakati huo. Eneo linalotumika hubadilika lenyewe.
8. *Ongeza mizunguko* taratibu, huku chipu ikiguswa kwa kidole au kupimwa joto.

Makosa ya kawaida

*Kuwasha "kwa muda".* Mstari wa `default y` unaowekwa ili kurahisisha wiki moja ya kazi husahaulika na kutoka na toleo. Anayetaka jaribio lijengwe kila mara aliwashe kwenye .config yake mwenyewe, isiyoingia kwenye hazina ya msimbo.

*Kuomba mara moja, ombi likadumu.* Mstari wa `options kisima_jaribio sehemu=jaribio futa=1` ndani ya `/etc/modprobe.d` unageuza ombi kuwa la kudumu: moduli ikipakiwa siku yoyote, kwa sababu yoyote, itafuta. Parameta za hatari zitolewe kwa mkono kila mara. Hivyo hivyo kwa parameta zinazoandikwa kwenye mstari wa kuwasha kerneli.

*Jina la kinyume.* Chaguo linaloitwa "zima majaribio" lina maana kwamba asiyejua atapata majaribio yakiwa yamewaka. Chaguo liitwe kwa kile linachowasha.

*Ndiyo isiyotaja kifaa.* Parameta ya `futa=1` pekee, bila jina la eneo, huacha moduli ijichagulie cha kufuta. Mara nyingi itachagua cha kwanza, na cha kwanza huwa ndicho chenye programu ya kuwashia bodi.

*Kutegemea onyo la kwenye maelezo.* Faili la README halimzuii mtu ambaye hajalisoma. Onyo liwepo, lakini kinachozuia kiwe msimbo.

*Kurithi .config ya mwenzako.* Faili hilo hubeba chaguo zote za aliyetangulia, na `make olddefconfig` huziacha kama zilivyo. Kabla ya kujenga, tafuta ndani yake kila chaguo lenye neno JARIBIO, TEST au SELFTEST.

Mambo yakiharibika

Eneo lisilotakiwa likifutwa na mfumo ukawa bado unaendelea, *usizime na usiwashe upya*. Kerneli iko kwenye RAM na bado inaweza kuandika fleshi. Rudisha nakala kwa `flashcp` ikiwa fleshi ni NOR, au `nandwrite` baada ya `flash_erase` ikiwa ni NAND, linganisha alama za sha256, ndipo uwashe upya.

Bodi au laptopu ikishagoma kuwaka, njia iliyobaki ni kuandika chipu moja kwa moja kwa kifaa cha nje kama CH341A na programu ya flashrom. Mafundi wa laptopu wanakifahamu, kwa kuwa ndicho wanachoflashia BIOS. Tahadhari ni tatu:

- Chomoa chaja na betri ya mashine kabla ya kubana chipu.
- Soma namba ya chipu kwanza. Chipu ya volti 1.8 ikichomekwa kwenye volti 3.3 inaweza kuungua, na baadhi ya bodi nyeusi za CH341A hupeleka volti 5 kwenye waya za data.
- Soma yaliyomo mara mbili na ulinganishe kabla ya kuandika chochote. Nakala mbili zisipofanana, kibanio hakijashika vizuri.

Bila nakala iliyochukuliwa kabla ya jaribio, CH341A ina kazi ndogo. BIOS ya mashine nyingine ya aina ileile huweza kuiwasha laptopu, lakini namba zake za utambulisho na anwani ya MAC huenda zikaja za mashine ile.

Orodha ya ukaguzi kabla ya kutoa toleo

☐ Kila jaribio limepewa ngazi, na ngazi imeandikwa juu ya faili lake.
☐ Majaribio ya ngazi ya nne yako kwenye moduli zake, nje ya draiva.
☐ Moduli hizo hazina MODULE_DEVICE_TABLE.
☐ Chaguo la Kconfig halina `default`, lina `depends on m`, na jina lake linataja hatari.
☐ Moduli ikipakiwa bila parameta hurudisha kosa na haigusi kifaa.
☐ Kifaa au eneo hutajwa kwa jina.
☐ Mizunguko ina kikomo, na jaribio linaweza kusimamishwa.
☐ Jaribio huacha alama kwenye dmesg na kwenye hali ya kerneli.
☐ Majaribio ya jumla na hati za kujenga haziliendeshi.
☐ `/etc/modprobe.d` na mstari wa kuwasha kerneli havina ombi lililosahaulika.
☐ .config ya toleo la watumiaji imekaguliwa, na jaribio halimo.